Nilimpenda Aliyekwisha Kuposwa

Kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa nilimpenda mwanamke ambaye nilijua, tangu wiki ya kwanza ya kufahamiana naye, kuwa amekwisha kuposwa. Naliandika jambo hili sasa kwa kuwa mwaka huu vijana wawili, ambao kwangu ni kama wadogo zangu, wamenijia kwa nyakati tofauti na habari inayofanana na yangu, na kila mmoja amenieleza kwa utulivu kabisa kuwa yeye hajafanya kosa lolote, anapenda tu. Nami nilikuwa nikijiambia maneno hayo hayo.

Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari pembezoni mwa jiji la Tanga. Yeye aliletwa kwetu kufundisha Baiolojia, akapanga chumba Makorora, nami nakaa Ngamiani, Barabara ya 12, hivyo jioni sehemu kubwa ya njia yetu ilikuwa moja. Tanga ni mji tambarare na watu wake wamezoea baiskeli tangu utoto. Mwalimu akionekana amefunga madaftari nyuma ya kiti chake na kuondoka zake, hakuna anayemshangaa. Tukaanza kuongozana. Suala la posa hakulificha hata kidogo. Walimu wa kike walipomuuliza kuhusu pete yake alijibu mbele yetu sote kuwa barua ilipelekwa kwao Muheza, wazee wameipokea, mahari imetajwa, na mwenyewe yuko Mtwara akimalizia mkataba wa kazi, ukiisha ndoa itafungwa. Mimi nilikuwa nasahihisha insha za kidato cha tatu. Niliyasikia maneno yote.

Siku ninayoikumbuka kuwa ndiyo mwanzo, cheni ya baiskeli yake iliruka tulipokuwa tukivuka reli. Nilichuchumaa kandoni nikairudisha kwenye meno yake, jambo lisilozidi dakika mbili, lakini vidole vyangu vikajaa grisi nyeusi ile isiyotoka kwa kufuta. Yeye akafungua mkoba, akatoa kipande cha chaki, akakiponda kwa jiwe juu ya karatasi, kisha akaninyooshea ile karatasi bila kunigusa mkono. Akasema, “Jipake hii kwanza, kaka, halafu ufute. Unga wa chaki hunywa mafuta.” Nikafanya hivyo na grisi ikatoka. Wakati nikifuta aliniambia kuwa babu yake alipenda kuwasimulia habari za reli hiyo, kwamba ilifika kwao Muheza mwaka 1896. Nilirudi nyumbani nikiwa na unga mweupe katika mistari ya viganja, na nilichelewa kunawa.

Kupenda kwenyewe sikulaumu hata leo. Moyo haumwombi mtu ruhusa, na wahenga walisema kipendacho moyo ni dawa. Ninachokilaumu ni kilichofuata, ambacho kilikuwa kizuri mno kwa sura. Mchumba wake alikuwa mtu wa maneno machache kwenye simu. Zilipita siku mbili bila ujumbe. Wakati mwingine aliahidi kupiga usiku akalala kwa uchovu wa zamu. Yeye alipoumia alinieleza njiani, nami nilimsikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kumsikiliza mtu yeyote. Sikumsema vibaya yule bwana hata mara moja. Nilisema tu, kwa sauti ya upole, “Pengine ana kazi nyingi,” au “Wanaume wengine ndivyo walivyo,” kisha nikanyamaza, nikauacha ule ukimya ufanye kazi yake. Aliponiandikia ujumbe usiku, niliujibu katika dakika hiyo hiyo. Nilijua nafanya nini. Nilikuwa najipanga mbele yake kama mizani: huku asiyejibu, huku anayejibu.

Nilikuwa na rafiki aliyenipa silaha ya kujitetea, naye hakuwa na nia mbaya. Amesoma sheria, na tulipokuwa tunakunywa kahawa barazani kwao nilimuuliza kana kwamba ninauliza kwa ajili ya mtu mwingine. Akanieleza kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatofautisha mambo haya waziwazi. Fidia ya ugoni hudaiwa na mume au mke aliyekwisha kuoana. Aliyeposa tu anaweza kudai fidia kwa hasara aliyoipata ahadi ya ndoa ikivunjwa, na kudai arudishiwe zawadi alizozitoa kwa sharti la ndoa, lakini hakuna mahakama itakayomlazimisha mtu kuoana na asiyemtaka. “Posa si ndoa,” akasema, akaendelea na kashata yake. Yote aliyonieleza yalikuwa sahihi. Mimi nikayachukua maneno matatu tu ya mwisho, nikatembea nayo miezi kadhaa kama mtu aliyepewa hati ya kiwanja.

Nilichokuwa nakikwepa nilikuwa nimekwisha kufundishwa madrasa nikiwa na miaka kumi na kitu. Ipo hadithi ya Mtume, iliyopokewa kutoka kwa Ibn Umar, inayomkataza mtu kuposa juu ya posa ya ndugu yake mpaka yule aliyetangulia aache au ampe ruhusa. Nilijikinga kwa kusema kuwa mimi sijaposa. Sijatuma mshenga, sijaandika barua, sijamtamkia neno. Hata hivyo Kurani yenyewe, katika sura ya pili aya ya 235, inapowazungumzia wanawake walio katika eda, inataja kule kudokeza nia ya kuposa kuwa ni jambo linalojulikana na lenye hukumu yake, mbali na kutamka waziwazi. Maana yake ni kwamba watu tangu zamani wanajua kuwa posa hupelekwa pia bila barua. Yangu ilikuwa imefika kitambo. Niliipeleka kila jioni, juu ya baiskeli, kwa kunyamaza mahali pa kunyamaza.

Kisha mwenyewe akaja. Alipata likizo ya wiki mbili, akapitia Tanga akielekea Muheza, akaja hadi getini kwa shule kumngoja mchumba wake. Nilimwona kwa mbali nikatamani awe mtu wa kuchukiza. Alikuwa kijana mwembamba, mrefu, macho yamechoka kwa safari, na alipotajiwa jina langu alinipa mikono yote miwili. Akasema, “Shemeji, nimesikia habari zako nyingi. Nakushukuru sana kwa kunisindikizia mwenzangu. Kule niliko ninalala nikiwa na amani kwa sababu najua harudi peke yake.” Akafungua begi akanipa mfuko wa korosho alizotoka nazo Mtwara, kilo nzima, zilizobanguliwa vizuri. Sikupata jibu. Nilisema “Ahsante” kwa sauti ambayo sidhani kama aliisikia.

Zile korosho nilizifikisha nyumbani nikamkabidhi mama. Akazionja, akazisifu, akauliza zimetoka kwa nani. Nilipomwambia, alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Mama yangu ni mtu wa Tanga hasa, hasemi jambo moja kwa moja ikiwa anaweza kulizungusha, lakini usiku ule hakuzungusha. “Mwanangu, huyu mtu amekukabidhi amana, na wewe umeipokea. Usiniambie hukuipokea, maana umekuja na korosho zake.” Sikula hata moja katika ule mfuko wa yule mgeni wa Mtwara, na mama hakunilazimisha, aliwagawia majirani.

Hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo vijana wangu wale wawili nimewaonya nalo zaidi kuliko la kwanza. Niliamua kujitenga, na nikajitenga bila neno. Nilianza kuondoka shuleni mapema, nikabadili njia nikawa nazunguka mbali, ujumbe wake nikawa naujibu kesho yake kwa herufi chache. Nilijiona shujaa. Kumbe yeye, asiyejua chochote kuhusu vita vyangu vya ndani, aliona tu kuwa mtu aliyemwita kaka amemgeuka siku chache baada ya kupewa zawadi na mchumba wake. Aliumia, akadhani wamenikosea. Akavumilia majuma matatu, kisha siku moja akanisimamisha chini ya mwembe wa shule, wanafunzi wakifagia upande wa pili, akaniuliza kwa heshima lakini bila kupepesa, “Mwalimu, nimekukosea nini?”

Kwenye njia zetu alikuwa akiniita kaka. Hilo “Mwalimu” lilinichoma.

Nikamwambia. Sikupamba, na sikuomba chochote. Nilisema kuwa nimempenda, kwamba nilijua ameposwa, kwamba zile jioni alizokuwa akinieleza huzuni yake mimi nilikuwa nazihesabu upande wangu, na kwamba baada ya kupewa mkono na mwenyewe nimeshindwa kuendelea. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea kilio, au hasira, na niseme kweli yote, katika pembe fulani ya moyo nilitegemea kitu kingine pia.

Akasema, “Mimi niliulizwa na wazee wangu nikajibu mwenyewe kuwa ninamtaka. Nilipokuwa nakueleza kuwa hapigi simu, nilikuwa naeleza habari za mtu ninayemtaka. Kama ningekuwa simtaki, simu yake ingeniuma nini?” Akatulia kidogo, akaendelea, “Nilikuwa natafuta mtu wa kunisaidia kumwelewa mwanamume, na wewe ni mwanamume, na ni kaka. Sikuwa nafungua mlango.”

Maneno yale niliyasikia wakati huo, lakini yalichukua muda kuniingia. Katika mwaka mzima wa kumsikiliza kwa makini sikuwahi hata mara moja kumsikia. Kila lalamiko lake nililitafsiri kama nyufa, ilhali mtu hulalamikia nyumba anayotaka kuishi ndani yake, asiyoitaka huihama. Nilijidhania kuwa ndiye ninayemfahamu kuliko yule wa Mtwara, kumbe nilikuwa nimeuficha uso wake kwa haja yangu. Hili liliniuma kuliko kukataliwa, na kwa muda mrefu lilinitia haya hata kulifikiria.

Hakumweleza mchumba wake wakati ule. Alisema atamweleza wakiwa wamekwisha kuoana, na kwamba hilo ni lake kuamua. Nami sikumwomba anifichie. Shuleni tuliendelea kusalimiana kama wenzi wa kazi, na kurudi nyumbani kila mmoja alirudi kwa wakati wake. Sitasema kuwa mapenzi yaliondoka kwa sababu ukweli ulisemwa. Yalikaa. Nilikuwa nikisikia kengele ya baiskeli nyuma yangu barabarani nageuka, hata ilipokuwa ya muuza samaki.

Ndoa ilifungwa Muheza mwezi wa nane, baada ya mkataba kuisha na kuongezwa. Nilichanga kama walimu wengine, nikaenda na basi la shule, nikaketi msikitini mstari wa tatu nikasikia ijabu na kabuli, yale maneno ya kuozesha na kukubali, kwa masikio yangu, na nadhani ilinifaa kuyasikia. Bwana arusi alinikumbatia. Nilikula pilau kwenye sinia moja na wajomba zake, wakanisogezea nyama upande wangu kama wafanyavyo watu wa huko kwa mgeni.

Baada ya mwezi alipata uhamisho kumfuata mumewe Mtwara. Baiskeli yake aliiacha katika banda la shule, na akaomba kupitia kwa mwalimu mkuu msaidizi kuwa atakayeweza amuuzie. Nikajitolea. Niliiosha, nikapaka cheni mafuta, nikabadilisha breki ya nyuma iliyokuwa imelika, kisha nikamuuzia mzazi mmoja wa Pongwe ambaye binti yake alikuwa akitembea kwa miguu kuja shuleni. Fedha niliituma yote kwa simu ya mumewe. Alipiga papo hapo kushukuru, tukaongea kidogo juu ya bei ya korosho msimu ule, tukaagana.