Kumbukumbu ya chumba cha juu: chokaa, boriti na safari za Pemba

Mwisho wa Mei

Masika yamekata, na leo nimefungua daftari hili kwa sababu mambo mawili yamenikuta kwa pamoja. La kwanza ni kazi mpya, inayonitaka niwe Pemba karibu nusu ya kila mwezi. La pili ni nyumba ya babu yangu mzaa mama, iliyopo Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambayo ukuta wake wa nyuma umeota kitambi. Fedha nilizonazo hazitoshi kukarabati nyumba nzima, kwa hiyo mradi wangu ni chumba kimoja tu: kile cha juu kinachotazama ua, pamoja na ukuta unaokibeba. Mama hajalala chumba hicho tangu tarehe 25 Disemba 2020, siku ambayo sehemu ya Beit-el-Ajaib, jumba la kale la humu humu Mji Mkongwe, iliporomoka mchana kweupe; alihamisha kitanda chake chini jioni ile ile, na hakuna aliyethubutu kumrudisha juu.

Ruhusa ya matengenezo imepatikana. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na mwenye nyumba hawezi kubadilisha dirisha la mbao kuwa la alumini kwa kupenda kwake. Binafsi sharti hilo halinisumbui, kwa kuwa madirisha yetu ya mvule ni mazima kuliko ukuta unaoyashikilia.

Wiki ya kwanza ya Juni

Fundi mkubwa, mzee aliyejifunza uashi kwa baba yake, alikuja na mwiko na timazi, kile kipimo cha uzi cha kujua kama ukuta umesimama wima, akapiga salamu, akakataa chai mpaka aumalize ukuta. Aliugonga kwa vifundo vya vidole kuanzia chini hadi juu, na kila palipotoa mlio wa ngoma akaweka alama ya mkaa. Kisha akaanza kubandua lipu ya saruji ambayo ami alituwekea miaka ya tisini kwa nia njema kabisa, akiamini kwamba anaipa nyumba nguvu.

Nyuma ya saruji ile mawe ya matumbawe yalikuwa yamegeuka unga. Fundi alinieleza, huku akikwangua chumvi nyeupe kwa ukucha, kwamba ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu kutoka ardhini na kutoka hewani, kisha huutoa wenyewe kidogo kidogo kupitia lipu yake ya chokaa. Ukiufunika kwa saruji, ambayo ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu vizuri, maji hubaki ndani pamoja na chumvi, na chumvi inapokauka hulipasua jiwe kutoka ndani. Kitambi cha ukuta wetu ni miaka thelathini ya unyevu uliokosa njia ya kutokea. Sikumwambia ami.

Maji mafu, katikati ya Juni

Safari ya kwanza ya kazi. Nimeajiriwa kuvisaidia vikundi vya wakulima wa mwani kuweka hesabu zao, na nilikuwa nimeandaa ratiba safi kwa kalenda ya ofisini, kila mkutano siku ya Jumatatu. Huko Micheweni, mwenyekiti wa kikundi, bi mkubwa mwenye sauti ya chini, aliitazama ratiba yangu kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili, halafu akaniuliza: "Mwanangu, mwezi umeutazama?" Nikanyamaza. "Bamvua sisi tumo baharini. Njoo maji mafu, tutakaa na wewe mpaka uchoke."

Ndivyo kazi ilivyo. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali na wanawake hushuka kufunga mbegu kwenye kamba, kukagua vigingi na kuvuna. Mwezi unapokuwa nusu, ndiyo maji mafu: maji hayatoki sana na mikono inapumzika. Kwa hiyo mimi sasa nasafiri maji mafu na kurudi nyumbani bamvua, na kalenda ya ukutani imebaki kwa ajili ya tarehe za mshahara.

Mwishoni mwa Juni

Tumeifikia dari. Chumba kina upana usiofika mita tatu, kama vyumba vingi vya mji huu, kwa sababu ya urefu wa boriti za mkoko zinazobeba dari. Tulizihesabu kumi na moja; nne zimeoza vichwa, pale pale zilipoingia ndani ya ukuta ulioloa. Katikati zote ni ngumu kama chuma, na fundi alipozigonga kwa nyundo zilitoa mlio uliomfanya atabasamu.

Zamani boriti kama hizi zililetwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji, na nyingine zilivuka bahari mpaka Uarabuni. Leo ukataji wa mikoko umedhibitiwa, na sikutaka kununua mti ambao sijui umetoka wapi. Kijana wa fundi alipendekeza mivinje, ambayo ni rahisi na inapatikana shamba, lakini fundi mwenyewe alinipeleka kwa mtu anayeuza boriti kuukuu za nyumba zilizobomolewa. Tulikaa asubuhi nzima tukizipindua, tukizipima na kuzinusa. Ndiyo, kuzinusa: fundi anasema mti wenye ukungu wa ndani hujulikana kwa pua kabla ya jicho. Nilinunua tano, moja ya akiba. Bei ilikuwa juu kuliko nilivyotarajia na sikujuta.

Chokaa nacho kimefika, kilichochomwa shamba kwa mawe ya matumbawe yaliyopangwa juu ya magogo. Tumekizima na kukiacha ndani ya mapipa mawili chini ya maji, kikilainika. Fundi hataki kukigusa kabla ya wiki tatu. Nilipomuuliza kama wiki mbili haziwezi kutosha, aliuliza nani ana haraka, yeye au mimi.

Julai, safari iliyorefuka

Hapa pana kosa, na ni langu. Boriti zilikwisha kuingia, mashimo ya ukuta yalikwisha kutomewa kwa vijiwe na chokaa, na chokaa kilipotimiza wiki zake, lipu ya kwanza, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, ilipigwa siku mbili kabla ya safari yangu. Lipu ya chokaa haikauki kama saruji. Hujigeuza jiwe polepole kwa kuvuta hewa, na ikipoteza maji upesi hupasuka kabla haijashika. Nilimwachia mpwa wangu kazi ya kuitundikia magunia yaliyoloa na kuinyunyizia maji asubuhi na alasiri. Nilipanga kurudi siku ya nne.

Kusi, upepo mkali wa kusini, ilivuma. Nilifika bandari ya Mkoani na mzigo wangu, nikaambiwa boti haziondoki, na kesho yake nikaambiwa vile vile. Nilirudi Chake Chake kwa gari ya abiria, takriban kilomita 30 za barabara iliyotandikwa majamvi ya karafuu mbichi mbele ya nyumba, harufu yake ikiingia madirishani, nami nikishindwa kuifurahia kwa kufikiria ukuta. Mpwa wangu, kwa upande wake, aliloweka magunia siku mbili za mwanzo, kisha mashindano ya mpira ya mtaani yakaanza.

Niliporudi, ukuta ulikuwa na nyufa kama ganda la yai lililogongwa. Fundi hakukasirika. Aligonga tena kwa vifundo, akaweka tena alama za mkaa, na karibu theluthi ya lipu ikatolewa. Mpwa aliomba radhi, nikamwambia radhi aiombe kwa fundi, ambaye alimkabidhi beleshi na karai kwa siku tatu mfululizo. Gharama ya kutwa hizo nililipa mimi, na nadhani ndivyo ilivyopasa, kwa kuwa mtu hamwachii kijana wa miaka kumi na sita jambo ambalo yeye mwenyewe hakubaki kulitazama.

Agosti

Tangu kosa hilo nimepanga upya. Lipu hupigwa mwanzo wa bamvua, ninapokuwa nyumbani, ili siku zake za hatari zipite mbele ya macho yangu. Maji mafu yakiingia, inakuwa imeshika kiasi cha kutohitaji mtu ila dirisha lifungwe dhidi ya upepo. Mapumziko kati ya lipu moja na nyingine, ambayo kwanza niliyaona kuwa hasara ya kazi mpya, yamekaa sawasawa na safari zangu. Nilimsimulia bi mkubwa wa Micheweni. Alicheka sana, akaniita fundi wa bamvua, na jina limebaki kikundini. Hata kwenye daftari la mahudhurio nimelikuta.

Mwanzo wa Septemba

Lipu ya pili imeshika bila ufa. Kitambi hakikuondoka chote, kwani fundi alikataa kuvunja ukuta ambao bado unabeba, ila sehemu zilizokuwa tupu zimejaa na timazi inaridhisha. Imebaki kupaka chokaa chepesi, kurudisha rafu za mbao ndani ya zidaka mbili, yaani vishubaka vya ukutani, na kutengeneza bawaba ya dirisha la kushoto. Juzi mama alipanda ngazi, akashika boriti mpya kwa fimbo ya ufagio, akauliza ni ipi iliyotoka nyumba ya watu. Nilimwonyesha. Akasema rangi yake si mbaya, akashuka. Pipa la pili lina chokaa cha kutosha, na mwezi utaandama wiki ijayo.