Tulivyovuka kimbunga Beryl mtaani kwetu Alief, Houston

Ndugu wengi waliohamia Houston, Texas, hasa Wakongo na Warundi walioletwa kama wakimbizi, wananiuliza kimbunga kikija mnafanyaje, mnakimbia au mnakaa? Nikaona niandike tulivyofanya sisi Julai 2024 Beryl ilipopita juu yetu. Mi naamini kwa moyo wote kwamba kilichotuvusha ni kwamba majirani tulikua tumeshajuana na kupangana kabla upepo haujafika, mengine yote yalifuata hapo.

Mtaa wetu uko Alief, kusini magharibi mwa jiji, nyumba za kawaida zenye miti mikubwa na fensi za mbao. Kuna mzee wa Kivietnam na mkewe, kuna familia ya Kimexico ambao baba yao anafanya kazi za ujenzi, kuna dada Mnaijeria ni nesi, kuna dada wa Bukavu na watoto wake, kuna bibi mmoja Mmarekani mweusi anaishi peke yake na anatumia mashine ya oksijeni, na sisi Watanzania. Miaka mingi tulikua watu wa kupungiana mikono tu, kila mtu na mishemishe zake.

Kilichotufungua macho ni mwezi Mei. Kwanza mama alinipigia toka Kilwa, kimbunga Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei halafu mvua ikaleta mafuriko na barabara ya kusini ikakatika pale Somanga, siku zile nililala na simu mkononi. Hata sijatulia, tarehe 16 Mei Houston ikapigwa na dhoruba ya upepo wanaita derecho, haikua kimbunga lakini upepo wake ulivunja madirisha ya maghorofa ya mjini kati na ukaangusha nguzo kubwa za umeme, na umeme ukakatika kwa watu karibu milioni. Ile jioni niligonga mlango wa yule bibi kumuuliza hali akaniambia mwanangu, mashine yangu imezima na mtungi niliobaki nao ni mmoja. Aisee, huyu mtu anaishi nyumba ya nne kutoka kwangu na sikua nalijua hilo. Yule dada nesi ndo alimhangaikia mpaka mtungi mwingine ukapatikana.

Baada ya hapo tukasema hapana, msimu wenyewe bado haujaanza, maana msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba. Jumapili moja tukakaa kwenye gereji ya yule Mmexico, tukafungua grupu la WhatsApp na tukaandika kwenye karatasi nani ana nini na nani anahitaji nini. Nani ana jenereta, nani ana chensoo (msumeno wa mashine), nani ana pickup, nani ana jiko la gesi, nani ana ngazi ndefu, upande wa pili nani ana mtoto mchanga, nani anatumia insulini, nani hana gari, nani Kiingereza hakipandi vizuri. Karatasi tukaipiga picha kila mtu akawa nayo. Na yule bibi tukampigia 211, namba ya simu ya misaada, kumwandikisha kwenye rejista ya Texas ya watu wanaohitaji msaada wakati wa maafa, inaitwa STEAR, ni bure, na daktari wake akajaza ile fomu ya kampuni ya umeme ya wagonjwa wanaotegemea mashine. Lakini muelewe, hiyo fomu haimaanishi umeme wako utarudi wa kwanza, kwahiyo mitungi ya akiba ni lazima.

Beryl yenyewe ilikua ya ajabu. Ilipita kisiwa cha Carriacou kule Grenada tarehe 1 Julai ikaiharibu vibaya, ikafika Kategori 5, ngazi ya juu kabisa ya nguvu za vimbunga, na hakuna kimbunga cha Atlantiki kwenye kumbukumbu kilichowahi kufika hapo mapema hivyo kwenye msimu, ikapita karibu na Jamaika, ikaingia Mexico, halafu ikageukia Texas. Mwanzoni utabiri ulikua unaonyesha itaenda kusini karibu na mpaka wa Mexico, watu wengi wa Houston wakaendelea na sikukuu yao ya Nne Julai, wikiendi mstari kwenye ramani ukaanza kusogea kaskazini kila utabiri unapotolewa upya, na ilipofika Jumapili ikawa wazi inakuja kwetu. Ndo maana nawaambia ndugu, usiangalie ule mstari wa katikati ya ramani, angalia ule mwavuli wote, yani lile eneo pana linaloonyesha kitovu cha kimbunga kinaweza kupita wapi, na hata nje ya mwavuli upepo na mvua vinafika.

Swali la kukimbia au kukaa, jibu linategemea unapoishi. Wakiambiwa watu wa pwani kama Galveston na maeneo ya chini ambako bahari inaweza kujaa waondoke, waondoke, maji ya bahari hayabishaniwi. Sisi tuko mbali na pwani, eneo letu halikuambiwa kuhama, tukakaa.

Jumapili hiyo kila mtu alijua kazi yake. Chupa za maji zikajazwa kwenye frizi zigande, maana frizi iliyojaa ikifungwa bila kufunguliwa inashika ubaridi kama saa 48, ila friji ya kawaida ni saa 4 tu. Mabeseni na bafu zikajazwa maji ya kuflashi choo. Mafuta ya gari ful, na keshi kidogo, kwasababu umeme ukienda mashine za kadi zinaenda nazo. Magari tukayatoa chini ya miti. Viti vya nje, vyungu vya maua, trampolini ya watoto, vyote ndani au kufungwa kamba. Na mi nikazunguka na simu nikapiga video nyumba yangu nje na ndani, paa, dari, friji, kila kitu, nikawasisitiza wote wafanye hivyo, hiyo video baadae ilikuja kutusaidia sana kwa watu wa bima.

Ikatua karibu na Matagorda alfajiri ya Jumatatu tarehe 8, ikiwa Kategori 1, ngazi ya chini kabisa. Msidanganywe na hiyo namba 1. Ardhi ilikua imelowa kwa mvua za miezi iliyopita, miti inang'oka na mizizi yake. Tulilala sote kwenye korido katikati ya nyumba mbali na madirisha, magodoro chini, na grupu lilikua linaita kila mara, mko salama, hapa fensi imeenda, hapa mti umelala kwenye paa la gereji, msitoke, msitoke. Yule mama wa Kivietnam alikua anatuma alama ya mikono ya kuomba tu na kila mtu anaijibu. Sijui niwaelezeje ilivyotupa nguvu.

Kulipotulia tukatoka. Sheria tuliyokubaliana ilikua hakuna kugusa waya wowote, hata kama unaonekana umekufa, na hata fensi ya chuma iliyoguswa na waya hugusi, na watoto hawatoki mpaka watu wazima wamezunguka mtaa mzima. Mti mkubwa ulikua umeziba barabara. Baba wa Kimexico akashika chensoo maana ndo mwenye uzoefu, sisi tukavuta matawi, na alikua mkali kweli, akinguruma na ile mashine hakuna kusogea karibu. Mti uliolala juu ya paa hatukuugusa, ule ni wa mafundi wenye vifaa, mti wenye uzito juu ya nyumba unaweza ukabiringika ukamuua mtu. Tulichofanya ni kutandaza turubai pale paa lilipochanika ili mvua isiendelee kuingia, na risiti ya turubai ikatunzwa.

Halafu ukaanza mtihani wenyewe, joto. Zaidi ya watu milioni 2 eneo la Houston hawakua na umeme, na kesho yake jua likawaka na ule unyevu wa Houston, mwili unasikia kama nyuzi 40. Nyumba za huku zimejengwa kwa ajili ya AC, madirisha madogo, dari chini, AC ikizima nyumba inakua tanuri. Usiku ndo mbaya zaidi. Dada wa Bukavu alikuja mlangoni analia, kaka, batoto habalale, joto iko mingi. Ndo tukaamua umeme wa jenereta hatuutawanyi kila nyumba kidogo kidogo, tunapoza chumba kimoja. Jenereta ya yule Mmexico tukaiweka uani kwa bibi, tukafunga AC ndogo ya dirishani kwenye chumba chake kikubwa, mashine yake ya oksijeni ikawa hapo hapo, na watoto wadogo wa mtaa na mzee wa Kivietnam wakawa wanalala humo usiku. Mchana jenereta inahamia kuzungushia mafriji kwa zamu, nyumba hii muda fulani, nyumba ile muda fulani, insulini zote zikawekwa friji moja isiyofunguliwa ovyo.

Naomba mnisikilize vizuri sana hapa. Jenereta ikiwa inawaka haikai gereji, haikai kwenye baraza, haikai chini ya dirisha. Inakaa mbali, angalau mita 6 kutoka nyumbani na moshi wake unaelekea kwingine. Ile gesi ya kaboni monoksidi haina harufu, inaua mtu akiwa usingizini, kwenye baridi kali ya Februari 2021 iliua watu Houston hapa hapa, wengine waliwasha gari ndani ya gereji kutafuta joto. Na sisi Waafrika tuna mazoea ya jiko la mkaa, nawasihi ndugu zangu, jiko la mkaa haliingii ndani hata mlango ukiwa wazi. Kengele ya hiyo gesi inayotumia betri ni dola chache tu, nunua. Tulikua nayo chumbani kwa bibi na dada nesi alikua anaikagua kila jioni. Pia jenereta izime ipoe ndo uongeze mafuta.

Kupata habari za umeme ilikua shida kwasababu ramani ya kuonyesha wapi umekatika haikua inafanya kazi, watu wakagundua kwamba programu ya simu ya mgahawa wa Whataburger inaonyesha tawi lipi liko wazi, basi jiji zima likawa linaangalia hiyo kujua umeme umerudi upande gani. Ndo tulikua tunajua pa kwenda kutafuta barafu na mafuta. Anayeenda anauliza kwenye grupu nani anahitaji, anabeba madumu na madeli ya wote, hakuna kwenda gari sita kwenye foleni moja ya sheli.

Chakula tulipika pamoja maana frizi zilikua zinayeyuka. Nyama ya huyu, samaki wa yule, jiko la gesi kwenye uwanja wa gari, leo pilau, kesho supu ya tambi ya Kivietnam, kesho kutwa maharage na totiya. Kilichopitiliza muda kilitupwa bila huruma, dada nesi alikua na kipimajoto, nyama ikishazidi nyuzi 4 zaidi ya masaa mawili inatupwa, inauma lakini kuumwa tumbo kwenye joto lile bila umeme ni hatari. Wanaopokea msaada wa chakula wa SNAP wanaweza kuomba kurudishiwa cha kununulia chakula kilichoharibika, dada wa Bukavu tulimjazia fomu.

Usafi ulichukua muda mrefu kuliko kimbunga chenyewe, na hapa wengi wanachoka. Taka unazipeleka pembeni ya barabara lakini unazitenganisha, matawi peke yake, mbao za fensi na jipsamu zilizolowa peke yake, friji na majiko peke yake, rangi na kemikali peke yake, ukichanganya wazoa taka wanaruka rundo lako. Usiweke juu ya mita ya maji wala karibu na bomba la zimamoto. Tulifanya nyumba kwa nyumba, wote tunahamia nyumba moja mpaka iishe ndo inayofuata, tukaanza na bibi na mzee wa Kivietnam. Glavu, buti, shati la mikono mirefu, misumari ya fensi imejaa majanini.

Mafundi wa paa nao wakaanza kugonga milango. Tukakubaliana hakuna anayesaini kitu peke yake, anaita jirani kwanza. Akikuambia atakulipia ile sehemu yako ya bima unayotakiwa kuchangia, mfukuze, Texas sheria inakataza. Na kumbukeni bima ya kawaida ya nyumba inalipa upepo lakini hailipi mafuriko, bima ya mafuriko ni tofauti, na kwa kawaida inasubiri siku 30 ndo ianze kazi, kwahiyo kununua kimbunga kikiwa kimeshaonekana kwenye tivii umechelewa.

Msaada wa FEMA, shirika la maafa la serikali ya Marekani, tuliomba tukiwa tumekaa meza moja na simu zetu. Kwa Beryl walikua wanatoa dola 750 za mahitaji ya haraka kwa waliostahili. Mkimbizi anastahili kuomba, mwenye grinikadi anastahili, na mzazi asiye na karatasi anaweza kuomba kwa jina la mtoto wake aliyezaliwa Marekani. Ukipiga simu omba mkalimani wa Kiswahili. Ukipata barua ya kukataliwa usiitupe, mara nyingi ni karatasi moja imekosekana, na una siku 60 kukata rufaa. Dada wa Bukavu alikataliwa mara ya kwanza, tukatuma uthibitisho wa anuani anayokaa, wakamkubalia.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Aprili, Texas ilipofungua ile wikiendi ya kununua vifaa vya dharura bila kodi, tulichanga tukanunua jenereta ya mtaa. Iko gereji kwa mzee wa Kivietnam kwasababu ndo yuko nyumbani muda wote, anaiwashia uani kila mwezi isilale, na ile karatasi ya nani ana nini tuliiandika upya sababu wamehamia Waganda nyumba ya mwisho na wana mtoto mchanga.