Kifuniko kimoja cha maji

Jumapili usiku, mwisho wa Februari

Leo nimepiga magoti kwenye mchanga mwekundu wa Utah, nje kidogo ya mji wa Moab, nikitazama theluji ikiyeyuka chini ya kichaka. Pembeni yake kulikuwa na vigoga, jamaa wa vile vimea visivyo na mizizi ambavyo kwetu Makete hutanda kwenye mawe ya mtoni. Vilivyoguswa na theluji vilikuwa kijani kibichi. Hatua mbili mbele, penye jua, vingine vilikuwa vyeusi, vimejikunja kama majani ya chai.

Nikavionea huruma. Nikamimina kifuniko kimoja cha maji ya chupa yangu, na kabla sijasimama vilikuwa vimeshafunguka. Nilifurahi mno. Baada ya nusu saa, jua na upepo vilikuwa vimevikausha tena, na sasa nina wasiwasi kwamba nimevidhuru.

Kigoga hiki, Syntrichia caninervis, hakifi kwa kukauka. Kinaweza kupoteza karibu maji yake yote kikalala miezi. Gharama iko kwenye kuamka: kikilowa, kwanza hutumia akiba yake kutengeneza seli zilizoharibika, ndipo kianze kujipikia chakula kwa mwanga. Maji yakikatika mapema, kimetoa na hakijaingiza kitu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2012, watafiti kwenye uwanda wa juu wa Colorado, ambao Moab nayo imo ndani yake, walikuwa wakinyunyiza maji ya milimita 1.2 tu, mara nyingi, wakati wa kiangazi. Vigoga vilivyofunika takriban asilimia 25 ya ardhi vilishuka chini ya asilimia 2 kwa msimu mmoja. Vimekufa kwa kunyweshwa!

Ndiyo maana theluji ni riziki yao. Inatoa maji polepole, siku baada ya siku, na baridi inazuia yasikauke upesi. Halafu inafunika. Nilipoliwaza hilo nilimkumbuka bibi, usiku wa Juni mbingu ikiwa nyeupe kwa nyota, akiharakisha kutandaza nyasi juu ya kitalu cha miche kabla sakitu haijaanguka. Theluji inafanya kazi ya zile nyasi. Chini yake baridi haipandi na kushuka ovyo, na kimea hakigandi usiku na kuyeyuka mchana kila siku.

Jangwa la Gurbantunggut, kaskazini-magharibi mwa China, lina kigoga hikihiki, na majira ya baridi huko hufunikwa na theluji kwa miezi. Watafiti wa huko wamekuwa wakiiondoa sehemu moja na kuiongeza nyingine ili walinganishe. Nawaelewa. Dunia inavyopata joto, theluji inapungua na kuyeyuka mapema, na sehemu ya maji yake sasa huja kama mvua. Anayepima mvua ya mwaka anaweza kuona hesabu ileile, lakini kigoga kinahesabu saa za unyevu.

Wala si kigoga peke yake. Vigoga na viumbe wengine wadogo huunda gamba jeusi juu ya ardhi, na hilo gamba ndilo linaloshika mchanga usipeperuke. Leo nimetembea juu ya mawe tu ili nisilivunje, ila pale nilipopiga magoti nimeacha alama mbili.

Nimeangalia utabiri wa kesho: kutanyesha, na alfajiri ni nyuzi 4 juu ya sifuri, kwa hiyo huenda ikawa mvua, si theluji. Naomba inyeshe kutwa nzima.