Kiazi cha kuchemsha ndicho kilichonifundisha osmosisi

Nimerudia Baiolojia ya kidato cha nne huku nikiuza samaki na mama pale Kibirizi, Kigoma, na nimefaulu. Naandika kwa sababu ushauri niliopewa tuisheni kuhusu osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi zaidi, bado unaniudhi: "Hiyo mada kariri tu." Nilikariri. Maana ya osmosisi niliitamka kwa Kiingereza bila kukosa hata neno, lakini swali lilipogeuzwa kidogo nikabaki nalitazama.

Kilichonifungua macho ni kachumbari. Niliitia chumvi mapema, mama akanigombeza: "Chumvi ni mwisho, mwanangu! Ona sasa, imekuwa mchuzi." Hakuna aliyeongeza maji. Basi yale maji yametoka wapi, kama si ndani ya nyanya na vitunguu vyenyewe? Usiku huo nikalitoa daftari tena.

Jaribio nililijua: unachimba shimo kwenye kiazi mviringo, unatia chumvi, unakiweka kwenye sahani ya maji. Nyumbani kulikuwa na viazi vya kuchemsha vilivyobaki kwenye chai, laini, kijiko kinazama bila kazi. Nikaona vitanifaa. Nikatia chumvi ya Uvinza, nikasubiri hadi jioni. Chumvi imelowa, basi. Shimo halikujaa. Nikaonja maji ya sahani, yana chumvi! Nikasema labda nilitia kidogo, nikaongeza. Yaleyale. Nikabadilisha sahani, nikachukua kiazi kikubwa zaidi, nikakihamishia kivulini. Siku mbili zikapita hivyo, nikaanza kuamini kuwa kitabu ndicho kilichokosea.

Siku ya tatu nikanunua vibichi, vya kama mia tano, nikamenya upande wa chini tu, ule unaogusa maji. Nikavitega usiku. Asubuhi shimo limejaa maji hadi ukingoni! Nilipiga kelele hadi mama akatoka na mwiko mkononi.

Ndipo nikaelewa kosa langu. Moto huua seli na kuharibu utando wake, ile ngozi nyembamba inayoizunguka. Utando ukiwa mzima huachia maji yapite na kuizuia chumvi. Ukiharibika, chumvi inavuja hadi sahanini na maji hayavutwi tena. Na tusichanganye utando na ukuta wa seli. Ukuta wa kiazi hauchagui, hupitisha vyote viwili. Anayechagua ni utando.

Kwa nini chumvi izuiwe? Mtu wa Kigoma aangalie mawese yanavyokataa kuchanganyika na maji. Utando ni tabaka mbili za fosfolipidi, molekuli za jamii ya mafuta, vichwa vyake vinapenda maji, mikia yake ya mafuta inayakwepa, unene wote ni nanomita 7 au 8 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Chumvi ikiyeyuka huwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na mafuta hayazipitishi. Oksijeni hupenya yenyewe. Protini zimechomekwa humo kama milango, ndivyo wanasayansi Singer na Nicolson walivyoueleza utando mwaka 1972. Hata maji yana mlango wake, protini iitwayo akwaporini, ambayo kuigundua kulimpatia mwanasayansi Peter Agre Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Usafirishaji unaotumia nishati niliushika kwa kuwatazama makuli wetu. Harufu ya dagaa inafika barabarani bila kubebwa na mtu. Hiyo ni difyusheni. Gunia la dagaa halipandi lori lenyewe, linataka mtu aliyekula. Pampu ya sodiamu katika seli zetu iko hivyo: kwa kila ATP moja, molekuli inayobeba nishati ya seli, hutoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, na kila moja inapelekwa kule ambako tayari imejaa.

Kwenye mtihani swali la kiazi likatoka, tena wakauliza kwa nini kile kilichochemshwa hakikujaa maji. Niliandika hadi mistari ikaisha.

Siku hizi wadogo zetu wa mtaani hapa Ujiji huja barazani Jumamosi niwafundishe. Nawaambia kila mmoja aje na viazi viwili, kibichi na kilichochemshwa, na tunaanza na hicho kilichochemshwa.