Insha iliyotoka kwenye daftari

Nafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa nje kidogo ya mji wa Iringa, na kwa miaka mingi insha za wanafunzi wangu zilikuwa na msomaji mmoja tu, yaani mimi. Mwanafunzi aliandika, nikasahihisha kwa kalamu nyekundu, nikampa alama. Naye alipopokea daftari alitazama alama, akalifunga, na kosa lile lile la kuandika "r" mahali pa "l" likarudi katika insha iliyofuata.

Muhula uliopita nilianza kubandika insha za kidato cha pili kwenye ukuta wa korido, kila moja ikiwa na karatasi tupu chini yake, ili yeyote apitaye aandike swali au maoni, mradi ataje jina na kidato chake. Kwa kuwa darasa lina wanafunzi zaidi ya 60, tulibandika insha kumi kwa wiki.

Mvulana mmoja aliandika kwamba Mkwawa, mtemi wa Wahehe, aliuawa na Wajerumani katika vita vya Lugalo mwaka 1891. Mimi nilikuwa nimeipitia insha hiyo, na kwa haraka ya kumaliza rundo la madaftari nilirekebisha alama za uandishi peke yake. Siku ya pili tulikuta maandishi ya penseli ya msichana wa kidato cha nne, mwenyeji wa Kalenga: "Lugalo Mkwawa alishinda. Aliyekufa pale ni Zelewski, kamanda wao. Mkwawa alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe. Fuvu lake liko kwetu, nenda ukaone."

Wakati wa mapumziko mvulana yule alinifuata ofisini akiomba insha yake ibanduliwe. Nilimkatalia kwa upole, nikamwambia kwamba aliyeandika ndiye mwenye haki ya kurekebisha, na kwamba karatasi ninazo. Jumamosi alikwenda kwenye makumbusho ya Kalenga, na katika wiki iliyofuata aliandika upya mara tatu bila kuagizwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mwanafunzi wangu yeyote. Insha ya mwisho ilianza hivi: "Kichwa cha mtemi wetu kilikaa ugenini zaidi ya miaka hamsini, kikarudi nyumbani mwaka 1954." Sentensi hiyo ina hesabu, ina uchungu, na ina msomaji ambaye mwandishi anataka aendelee kusoma.

Yapo mambo ya kuangalia. Ilitokea mara moja maoni yakawa ya kumcheka mwenzao kwa lafudhi yake, nami niliyaondoa siku hiyo hiyo na kuzungumza na mhusika faraghani. Tangu hapo napitia ukuta kila asubuhi kabla ya gwaride. Pia nimeacha kutoa alama kwa rasimu ya kwanza, kwa sababu nimeona kwamba alama ikishaandikwa mwanafunzi huona kazi imekwisha, hata kama wasomaji wake bado wana maswali.

Sasa ni kipupwe, upepo wa korido ni mkali, na bado nawakuta wanafunzi wamejikunyata ndani ya masweta wakisoma. Wiki ijayo ni zamu ya mkondo B. Wao wameomba insha zao zibandikwe kwenye ubao wa matangazo ulioko langoni, mahali ambapo wazazi hupita wakienda sokoni, na mkuu wa shule amekubali.