Doa jekundu kwenye kitambaa

Gari aliloniachia marehemu baba ni otomatiki ya 1998. Wiki nzima nikiweka D, gia ya kwenda mbele, linatulia sekunde 3 hivi, halafu linashtuka kwa kishindo.
Fundi wa kwanza: giaboksi imekufa, nunua nyingine.

Leo nimempelekea fundi mzee, Tandale. Hakufungua hata nati.

Injini ikiwa ya moto, inaunguruma, akachomoa stiki ya oili ya giaboksi. Akaifuta kwa kitambaa cheupe, akairudisha, akaichomoa tena. Akanusa.

"Oili haijaungua, mwanangu. Imepungua."

Mpira unaopeleka oili kwenye rejeta unavuja!

Lile doa kwenye kitambaa, jekundu, si jeusi... nililiangalia machozi yakinilengalenga.

Wenye otomatiki za zamani, nanyi gari lenu lilianzaje kusumbua?