Siku moja kwenye ofisi ya hataza na alama za biashara

Wengi hudhani kazi ya msajili ni kupokea ada na kutoa vyeti. Laiti ingekuwa hivyo, ningekuwa nafika nyumbani mapema.

Saa moja unusu asubuhi: nafungua mfumo, nagawa maombi mapya kwa wachunguzi, natia saini vyeti.

Saa tatu: pingamizi. Alama ikikubaliwa hutangazwa kwenye jarida rasmi ili mwenye neno aseme. Leo kampuni mbili zinagombania nembo ya simba, mmoja kaketi, mwingine kasimama. Mawakili wamepima hadi manyoya, ilhali mnunuzi haweki nembo mbili bega kwa bega. Anakumbuka tu kwamba alinunua "ile ya simba". Huyo mwenye kumbukumbu nusunusu ndiye ninayemlinda.

Saa nne na robo akaingia mzee wa sabuni, barua ya kukataliwa mkononi.

"Mheshimiwa, mnaninyima jina langu mwenyewe?"

Jina lenyewe ni "Sabuni Safi". Nikamweleza kwamba kila mtengenezaji ana haki ya kusema sabuni yake ni safi. Nikilifunga kwa mmoja, kesho atawashtaki wenzake.

"Sasa mzee mwenzako akiandika 'safi' kwenye boksi lake, utamfanyaje?"

"Si ndiyo maana nimekuja!"

Akachomoa cheti cha jina la biashara, akakibwaga mezani. Hapo hukwama wengi. Cheti kile kinaonyesha tu nani anafanya biashara kwa jina hilo. Hakimpi uwezo wa kumzuia mwingine kulitumia kwenye bidhaa. Hakuafiki. Akageuza: basi apewe jina hilo kwa bidhaa zote duniani. Nikamfungulia Uainishaji wa Nice, orodha ya kimataifa inayogawa bidhaa na huduma kwa ajili ya alama za biashara, madaraja 45: 34 ya bidhaa, 11 ya huduma. Sabuni iko daraja la 3. Magari, la 12. Bima, la 36.

"Mzee, utauza magari?"

"Mungu akijalia."

Aliposikia kila daraja lina ada yake, Mungu akaahirishwa. Akampigia simu mpwa wake anayesomea sheria, akaweka sauti kubwa, tukaanza upya tangu mwanzo. Nikamshauri abuni neno lisiloisifu wala kuieleza sabuni, hata likiwa halina maana yoyote, kwa kuwa hilo ndilo hulindika vizuri zaidi. "Jina lisilo na maana! Wateja watanionaje?" Akaondoka bila kuaga. Sikukasirika sana. Sabuni ameichemsha kwa mikono yake, na hakuna aliyewahi kumfundisha haya.

Chakula kilipita wakati fulani, sikumbuki vizuri. Mchana ulimezwa na ombi moja la hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, la pampu ya maji. Kwenye hataza maelezo hufafanua uvumbuzi tu. Mpaka wa haki huchorwa na madai, zile sentensi zinazotaja hasa kinachoombewa ulinzi, na kila dai husomwa neno kwa neno, kisha hulinganishwa na yaliyokwisha kujulikana popote duniani. Nilipekua hifadhidata hadi macho yakaona ukungu. Nyaraka nyingine zimo katika lugha nisizozijua, nikabaki kufuata michoro. Mwisho nikakuta video: mvumbuzi mwenyewe, kwa furaha, akiifungua pampu kipande kwa kipande, miaka miwili kabla ya kuomba. Hataza hutaka kitu kipya; upya umekwisha, na aliyeuua ni yeye. Pampu ni nzuri kweli. Barua ile niliiandika polepole.

Tukikaribia kufunga, tarishi akaja akihema. Mteja wa wakili wake aliomba hataza nchi nyingine mwaka jana, na Mkataba wa Paris wa 1883 humpa miezi 12 tu ya kudai ombi lake la hapa lihesabiwe tangu tarehe ile ya kwanza; kwa alama za biashara ni 6. Miezi inaisha leo. Mfumo nao ukachagua dakika hizo kulala. Tukapokea kwa karatasi, tarehe na saa juu yake, nikabaki hadi ukaamka.

Kabla ya kuzima kompyuta nikaona ujumbe: mzee wa sabuni anaomba miadi kesho saa tatu. Atakuja na mpwa.